Kipindi cha 17: Kwa Nini Nesi Hujifunza kwa Mwanasesere Kabla ya Kukugusa Wewe

(Muziki wa kufungua, kisha unafifia.)

Kama uko jikoni, endelea kupika lakini ongeza sauti ya redio kidogo. Kama unanyonyesha, kaa vizuri, mtoto anyonye huku sikio lako likiwa hapa. Mimi ni muuguzi wenu wa jamii, na leo nina mada ambayo huenda hujawahi kuisikia redioni.

Naanza na maneno niliyoambiwa kliniki. Mama mmoja mwenye mimba ya miezi minane alikuja akiwa ameandamana na mama mkwe wake. Siku hiyo nilikuwa na mwanafunzi wa uuguzi. Nikamwomba yule mama ruhusa ili mwanafunzi ampime tumbo, nami nikiwa papo hapo kando yake. Kabla hajajibu, mama mkwe alinikazia macho akasema, "Sista, huyu ni mke wa mwanangu. Si daftari la mwanafunzi."

Nilitabasamu, lakini nilijua mama huyo ana haki ya kusema hivyo. Kisha akaniuliza swali ambalo ndilo kiini cha kipindi cha leo. "Hebu niambie ukweli. Ninyi mnajifunzia wapi? Mtu wa kwanza kabisa kuguswa na mikono yenu huwa ni nani?"

Msikilizaji, ni swali zuri. Nilimwahidi kwamba nitalijibu, na leo nalijibu mbele yenu nyote.

NILIVYOJIFUNZA MIMI

Sitaficha. Mwaka wa 2013 nilikuwa mwanafunzi, na usiku mmoja nilikuwa zamu katika wodi ya uzazi ya kituo kimoja kidogo. Mama wa mtoto wa tatu alijifungua vizuri. Mtoto alilia, kondo la nyuma likatoka lote. Mkuu wa zamu akaenda kumhudumia mama mwingine chumba cha pili, akaniachia huyu nimwangalie.

Damu ilianza kutoka polepole, bila kishindo. Nilijua la kufanya kwa sababu nilikuwa nimelisoma na kulipasi katika mtihani: weka mkono juu ya tumbo, tafuta mfuko wa uzazi, ule ambao wengi wetu huuita nyumba ya mtoto, na kama ni mlegevu usugue mpaka ukaze. Nikaweka mkono. Lakini mkono wangu haukujua unagusa nini. Je, hii ni ngumu? Ni laini? Laini ni kiasi gani? Nilibaki nikipapasa kwa muda wa dakika mbili hivi, hadi yule mama akasema kwa sauti ndogo, "Sista, mbona naona giza?"

Hapo nikapiga kelele. Mkuu wa zamu alikuja mbio, akagusa mara moja tu, akasema, "Hii ni laini kama unga wa chapati. Sugua!" Akachoma sindano ya kukaza mfuko wa uzazi, akaweka dripu, na mama akapelekwa hospitali kubwa. Aliongezewa damu, akapona, akarudi kwa watoto wake. Namshukuru Mungu. Lakini zile dakika mbili sijazisahau mpaka leo. Kitabu kilikuwa kimenipa maneno, wala hakikunipa mkono.

Kwa hiyo, mama mkwe wangu mpendwa, jibu la kweli kwa wakati ule ni hili: mtu wa kwanza kuguswa alikuwa mgonjwa mwenyewe. Na hilo ndilo jambo ambalo wanasesere wa mafunzo wamekuja kulibadilisha.

MWANASESERE HUYU NI NANI?

Usifikirie yule mwanasesere wa dukani mwenye nywele za dhahabu. Ninaongea juu ya viungo vya mwili vilivyobuniwa makusudi ili mhudumu wa afya afanyie mazoezi: tumbo, nyonga, mfuko wa uzazi, mtoto mchanga, ngozi ya kushonwa. Vingine ni vya mpira, vingine vya kitambaa, vingine vya silikoni, ambayo ni kitu laini kinachonyumbuka kama nyama.

Wazo lenyewe si geni. Katika Ufaransa ya karne ya 18 aliishi mkunga aliyeitwa Angélique du Coudray. Wakati huo akina mama wa vijijini walikuwa wakifa kwa wingi wakijifungua. Mwaka wa 1759 mfalme Louis wa 15 alimpa barua ya kumruhusu kuzunguka nchi akifundisha wakunga. Wengi wa wanafunzi wake hawakujua kusoma. Sasa utamfundishaje mtu asiyesoma mambo yaliyo ndani ya tumbo?

Mama huyu alichukua kitambaa, ngozi na pamba, akashona nyonga ya mwanamke na mtoto wa kutoka ndani yake. Mtoto huyo alikuwa na mdomo unaofunguka, ili mkunga ajifunze kuingiza kidole na kusaidia kichwa kitoke iwapo mtoto ametanguliza matako. Alizunguka na kifaa hicho kwa miaka mingi, mkoa hadi mkoa, akafundisha maelfu ya wanawake. Kimoja cha vifaa vyake kipo hadi leo katika makumbusho ya mji wa Rouen. Sindano na uzi wa mkunga mmoja uliwafikia watu ambao kitabu hakikuweza kuwafikia.

Baadaye sana, nchini Norway, kulikuwa na mtengenezaji wa vitu vya kuchezea watoto aliyeitwa Asmund Laerdal. Alikuwa hodari wa kutengeneza wanasesere wa plastiki laini. Mtoto wake mwenyewe alinusurika kufa maji, naye baba ndiye aliyemwokoa. Madaktari walipomjia wakitaka mwanasesere wa kufundishia watu kumpulizia pumzi aliyezimia, alielewa mara moja. Mwaka wa 1960 akatoa mwanasesere wa ukubwa wa mtu mzima aitwaye Resusci Anne. Kama umewahi kuhudhuria mafunzo ya huduma ya kwanza, huenda umemwona.

Kampuni yake ndiyo baadaye ilitoa mtoto mchanga wa mafunzo aitwaye NeoNatalie, na tumbo la mama liitwalo MamaNatalie. Hawa wawili wametumika sana katika nchi zetu za Afrika Mashariki, na ndio nitakaowaeleza zaidi.

WANATENGENEZWAJE WAFANANE NA MTU?

Msikilizaji, unaweza kudhani kwamba mwanasesere mzuri ni yule anayependeza kwa macho. Sivyo. Mbunifu wa viungo hivi hujiuliza kwanza: mkono wa mhudumu unatakiwa kujifunza nini? Hapo ndipo pesa na akili huwekwa. Mengine hata yakiwa ya kitambaa cha kawaida, si neno.

Tuanze na mtoto. NeoNatalie huja akiwa mtupu, mwepesi kama puto. Ukimjaza maji ya vuguvugu, kama lita mbili, anakuwa na uzito na joto karibu na la mtoto mchanga. Shingo yake inalegea. Mikono inaning'inia. Ukimbeba vibaya, kichwa kinaanguka nyuma kama cha mtoto wa kweli. Mwalimu ana vipira vidogo mkononi: akibonyeza kimoja, kitovu kinadunda kama chenye moyo, akibonyeza kingine, mtoto analia au anapumua. Asipobonyeza, mtoto ananyamaza kimya. Na ule ukimya ndio mtihani.

Kwa nini? Kwa sababu mtoto asiyepumua anahitaji kusaidiwa ndani ya dakika moja ya kwanza. Sisi huiita dakika ya dhahabu. Anakaushwa, anasuguliwa mgongo, na kama bado hapumui anawekewa kifaa cha kumsukumia hewa chenye barakoa inayofunika mdomo na pua. Mwanasesere amebuniwa hivi: kifua hakiinuki ovyo. Kichwa kisipokaa sawa, au barakoa ikiacha mwanya, hewa inatorokea nje na kifua kinabaki palepale. Mwanasesere hana huruma wala upendeleo. Hatakupa alama za bure.

Sasa tuje kwa mama. Hapa nataka ushirikiane nami. Kama mikono yako iko huru, bonyeza shavu lako kwa kidole. Umehisi ulaini wake? Hivyo ndivyo ulivyo mfuko wa uzazi uliolegea baada ya kujifungua, na uliolegea ndio unaoacha damu imwagike. Sasa bonyeza paji la uso wako. Umehisi ugumu? Hivyo ndivyo mfuko wa uzazi unavyotakiwa kuwa: umekaza, mviringo, mgumu kama mpira wa kuchezea. Ukikaza, unaibana mishipa ya damu, na damu inapungua.

Tofauti ya shavu na paji la uso! Hilo ndilo jambo nililokosa usiku ule wa 2013. Mbunifu wa tumbo la mafunzo alihakikisha kwamba jambo hilo moja lipo. Ndani ya MamaNatalie kuna mfuko ambao mwalimu anaweza kuulegeza au kuukaza. Ukisugua vizuri, anaukaza. Ukisugua kwa woga juu juu, anauacha mlegevu, na damu inaendelea.

Damu hiyo ni maji yaliyotiwa rangi nyekundu. Tangi lake linabeba lita moja na nusu. Mwalimu hufungua kidogo kidogo au kwa kasi, apendavyo. Hili nalo lina sababu yake. Macho yetu hutudanganya sana tukikadiria damu. Chukua chupa ya maji ya nusu lita, tia rangi, umwage juu ya leso kuukuu. Utashangaa: leso inainywa, na ukitazama utasema ni kidogo tu. Kumbe nusu lita ndicho kiwango ambacho kwa miaka mingi wauguzi wamefunzwa kwamba mama akikifikia, hiyo ni hatari. Mwenye upungufu wa damu anaweza kuzidiwa hata kabla ya hapo.

Jambo la tatu ndilo lililonigusa zaidi. MamaNatalie halazwi mezani kama kipande cha mbao. Hufungwa kwa mikanda kwenye mwili wa mtu mzima, mara nyingi mwalimu mwenyewe, ambaye hulala kitandani akawa ndiye mama. Anaugua. Anauliza, "Mtoto wangu yuko wapi?" Anasema, "Sista, nasikia kizunguzungu." Kwa hiyo nesi hajifunzi tumbo peke yake. Anajifunza kuongea na mwenye tumbo, kumweleza kinachotendeka, kumshika mkono. Nesi anayetibu bila kusema neno, mwalimu humwambia palepale, "Mama hakusikia sauti yako hata mara moja. Rudia."

Nami nilipofanya mafunzo haya kwa mara ya kwanza, miaka kadhaa baada ya kuhitimu, niliweka mkono juu ya lile tumbo la kitambaa na moyo ukanienda mbio. Niliutambua ule ulaini. Safari hii sikupapasa. Nilisugua.

JE, KUSHONA NA KUPASUA NAKO?

Wengine mnajiuliza: na ule mshono? Akina mama wengi hupasuka kidogo wakati wa kujifungua, na hushonwa. Mshono ukiwa mbaya, mama anaweza kuumia kwa miezi, akashindwa kukaa vizuri, au hata akashindwa kuzuia upepo na choo. Wengi hunyamaza kwa aibu. Ndiyo maana mkono wa kushona lazima uwe umezoea.

Nyama ya kubuni ya kushonea hutengenezwa kwa tabaka. Chini kuna tabaka la misuli, juu yake ngozi, na kila tabaka lina ugumu wake. Silikoni nzuri ina tabia moja ya maana: ukivuta uzi kwa nguvu kupita kiasi, inakatika, kama vile nyama ya mtu inavyoweza kukatika. Ukifunga uzi ukiwa mlegevu, mwanya unabaki wazi na kila mtu anauona.

Lakini silikoni ni ghali. Kwa hiyo walimu wengi hutumia walicho nacho. Mimi nilianza kushona kwenye kipande cha sponji ya godoro. Vipande viwili vya sponji hubandikwa pamoja kuwa misuli, na glavu kuukuu iliyokatwa huvutwa juu yake kuwa ngozi. Kwa mipasuko mikubwa inayofika kwenye misuli ya njia ya haja kubwa, madaktari katika nchi nyingi hujifunzia kwa ulimi wa ng'ombe kutoka buchani, kwa sababu nyama yake ina nyuzi zinazofanana kidogo na misuli yetu. Usicheke, msikilizaji. Afadhali ulimi wa ng'ombe ushonwe mara ishirini vibaya kuliko mama mmoja mara moja.

Kwa upasuaji wa kumtoa mtoto hali ni hiyo hiyo. Daktari hupita ngozi, kisha mafuta, kisha utando mgumu, misuli inasogezwa kando, kisha utando mwembamba wa ndani, halafu mfuko wa uzazi. Tumbo la mafunzo hujengwa kwa mpangilio huo huo, tabaka juu ya tabaka, na mwanasesere huwekwa chini kabisa. Tabaka la mwisho ndilo linalofunza adabu, maana nyuma yake kuna mtoto. Mwanafunzi akikata kwa pupa, kisu huacha alama juu ya mwanasesere, na somo hilo hatalisahau.

INASAIDIA KWELI?

Ni haki kuuliza. Majirani zetu wa Tanzania wametupa jibu zuri. Mafunzo ya kuwasaidia watoto wachanga kupumua kwa kutumia mwanasesere yalipoanzishwa katika vituo vinane vya nchi hiyo, matokeo yaliyotolewa mwaka wa 2013 yalionyesha kwamba vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47.

Lakini sikiliza na upande wa pili, maana hapa pana fundisho. Katika hospitali ya Haydom, kaskazini mwa Tanzania, wahudumu walifunzwa kwa siku moja mwaka wa 2010. Walifaulu mtihani wa mwanasesere vizuri. Ila walipotazamwa kazini miezi kadhaa baadaye, utendaji wao kwa watoto halisi haukuwa umebadilika. Mambo yalibadilika pale walipoanza mazoezi mafupi ya mara kwa mara, dakika chache tu, humo humo katika wodi yao. Vifo vya siku ya kwanza vilishuka kutoka kama 11 hadi kama 7 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa.

Waswahili husema ujuzi hauzeeki. Kwa kazi hii naomba niwapinge kidogo wazee wetu. Ujuzi wa mkono huzeeka usipotumiwa. Nesi wa zahanati ndogo anaweza kukaa miezi asikutane na mama anayevuja damu sana. Siku ile anapokutana naye, mkono wake uko mbali. Ndiyo maana mwanasesere asifungiwe kabatini baada ya semina na picha za ukumbusho. Mahali pake ni juu ya meza, wodini, alowe na achakae.

Pia niseme wazi kwamba mwanasesere peke yake hatoshi. Mkono uliofunzwa unahitaji dawa, damu ya kuongezewa, gari la wagonjwa na wenzake wa zamu. Utafiti mkubwa uliofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, na matokeo yake kutolewa mwaka wa 2023, ulihusu kupima damu kwa karatasi ya plastiki yenye mistari inayowekwa chini ya mama, na mara hatari ikionekana mama kupewa matibabu yote kwa pamoja bila kungoja. Akina mama waliovuja damu vibaya sana, au kuhitaji kupasuliwa au kufa kwa sababu hiyo, walipungua kwa asilimia 60. Kwa hiyo ukijifungua ukaona umetandikiwa plastiki ya namna hiyo, usiogope wala usione umedharauliwa. Ni kipimo cha kukulinda.

WEWE MAMA UFANYE NINI?

Huenda unasema, "Sista, hayo ni mambo yenu ya hospitali, mimi yananihusu vipi?" Yanakuhusu sana.

Kwanza, una haki ya kuuliza. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inasema mgonjwa aelezwe matibabu yake na akubali kabla ya kutibiwa, isipokuwa katika dharura chache. Mwanafunzi akija kukupima, muulize jina lake na nani anamsimamia. Unaweza kukubali, na unaweza kukataa kwa heshima. Ukikubali ukijua kwamba ameshafanya mazoezi na msimamizi yuko kando, unamsaidia mama wa kesho. Kuuliza si ujinga.

Pili, jifunze shavu na paji la uso. Ukishajifungua, mwambie nesi akuonyeshe mfuko wako wa uzazi ulipo, chini ya kitovu, uuguse mwenyewe. Ukihisi umelegea na damu inaongezeka, ita mtu mara moja, usione haya. Nenda haja ndogo mapema, kwa sababu kibofu kilichojaa huzuia mfuko wa uzazi kukaza. Mpe mtoto titi ndani ya saa ya kwanza. Kunyonyesha husaidia mfuko huo kukaza.

Tatu, ukiwa nyumbani, pedi au kitambaa kikilowa chapa chapa ndani ya saa moja, ukitoa mabonge makubwa ya damu, ukiona giza au moyo ukidunda mbio, nenda kituo cha afya saa hiyo hiyo. Usingoje asubuhi. Usingoje mume arudi. Hatari haiishi siku ya kujifungua. Inaweza kutokea hata wiki kadhaa baadaye.

Nne, kwa nyanya, mama mkwe na walezi wote: mtoto akizaliwa ghafla njiani au nyumbani asipolia, mkausheni kwa kitambaa kikavu, msugueni mgongo kwa upole, mwekeni kifuani mwa mama mpate joto, mkikimbilia msaada. Msimning'inize miguu juu, msimpige makofi, wala msimmwagie maji baridi. Mambo hayo hayamsaidii, na yanakula ile dakika ya dhahabu.

Tano, kama unauguza mshono unaouma baada ya wiki kadhaa, au huwezi kuzuia upepo au choo, njoo useme. Hukulaaniwa, na si lazima uvumilie. Yapo matibabu.

TUMALIZIE

Narudi kwa mama mkwe wetu. Nilimweleza haya yote kwa kifupi, kisha nikampeleka chumba cha pili nikamwonyesha mwanasesere wetu, aliyechakaa, mguu mmoja umewekwa kiraka. Nikamwambia ambebe. Akambeba, na mara kile kichwa kikaanguka nyuma. Papo hapo mkono wake wa kushoto ukapanda wenyewe ukakidaka kile kichwa, kama mkono wa mwanamke aliyelea watoto sita. Akamtazama yule mwanafunzi akamwuliza, "Nawe ulimdaka hivi siku ya kwanza?"

Mwanafunzi akajibu, "La, nyanya. Nilimwangusha mara tatu."

Mama mkwe akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Heri ulimwangusha huyu." Akamgeukia mke wa mwanawe: "Haya, wewe ndiye mwenye tumbo. Unasemaje?" Yule mama akacheka, akapanda kitandani, na mwanafunzi akampima vizuri kabisa.

Alijifungua mwezi uliofuata. Wote wawili wazima.

Hadi wiki ijayo, tutakapozungumza juu ya chanjo za mtoto wa mwaka wa kwanza, mimi ni muuguzi wenu. Lea vyema, kula vyema, na usikose kliniki. Kwaheri.

(Muziki wa kufunga.)

Mambo ya kukumbuka

1. Mfuko wa uzazi mgumu kama paji la uso ni salama. Ukiwa laini kama shavu na damu inatoka, ita msaada.
2. Mtoto asiyepumua asaidiwe ndani ya dakika moja.
3. Ni haki yako kujua anayekupima ni nani na anasimamiwa na nani.
4. Pedi ikilowa chapa chapa ndani ya saa moja, nenda kituo cha afya mara moja.

Maswali ya vikundi vya wasikilizaji

1. Katika kijiji chenu, mama akivuja damu usiku, atafika kituoni kwa njia gani? Nani ana gari au pikipiki, na nambari yake ya simu nani anayo?
2. Je, kituo chenu cha afya kina mwanasesere wa mafunzo? Kama kipo, hutumiwa mara ngapi? Mwakilishi wenu katika kamati ya kituo aulize.
3. Mwageni nusu lita ya maji yenye rangi juu ya leso kuukuu. Kila mmoja akadirie ni kiasi gani kabla ya kuambiwa. Nani alikaribia?